Namba Huanzia Mtoni

Kama uko Kyela mjini, Ipinda, Ngonga au Matema, au uko majini mbele ya Itungi na redio yako ndogo ya betri, karibu tuzungumze. Leo nataka tuongelee upimaji wa metali nzito, yaani risasi, kadimiamu, zebaki, urani na wenzao, vitu ambavyo jicho halivioni, pua haivinusi na ulimi haujui kama vimepita. Aseniki nayo naiweka humo humo. Wanakemia watanisahihisha kwamba si metali kamili, lakini maabarani hupimwa pamoja na hao wengine, na mwilini haina huruma kuwashinda.

Nianze na kokoa, maana ndiyo pesa ya wilaya hii. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, Kyela nzima iligeuka kuwa wataalamu wa kokoa, hata vijana wa bodaboda walikuwa wanaijua bei ya mnada kabla ya katibu wa chama cha msingi. Na ghalani kila mtu anajua ubora unavyotazamwa: mtu anachota mbegu kiasi, anazipasua kwa kisu, anaangalia rangi ya ndani, ananusa kama zilivundikwa sawasawa, anazifinya kuona kama zimekauka. Hiyo ni maabara ya macho na vidole, na wakulima wetu wameihitimu.

Lakini gunia hilo hilo likifika Ulaya linakutana na maabara nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimiamu kwenye chokoleti. Chokoleti yenye kokoa asilimia 50 au zaidi isizidi miligramu 0.80 kwa kilo. Chokoleti ya maziwa yenye kokoa chini ya asilimia 30, ile wanayoipenda watoto, isizidi 0.10. Unga wa kokoa anaouziwa mlaji, 0.60. Kikomo kimewekwa kwenye chokoleti, hakikuwekwa kwenye mbegu, lakini mwenye kiwanda si mjinga: anarudi nyuma hadi kwenye gunia, anachukua sampuli, anapima kabla hajaharibu pesa yake. Na si Ulaya peke yake. Desemba 2022 jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima chokoleti nyeusi 28 za madukani, na zote zilikutwa na kadimiamu na risasi, zingine kidogo, zingine nyingi.

Kadimiamu hiyo hakuna aliyeimwagia shambani kwa makusudi. Mti wa kokoa huinyonya udongoni pamoja na chakula chake na kuihifadhi kwenye mbegu. Kiasi kinategemea mwamba uliouzaa udongo ule, uchachu wa udongo, na mbolea za fosfeti zilizotumika, kwa sababu baadhi ya fosfeti huja na kadimiamu yake. Wakulima wa Ecuador, Peru na Colombia ndio waliosumbuliwa zaidi na sheria ile. Ghana na Ivory Coast, kwenye udongo mkongwe uliooshwa na mvua kwa muda mrefu, walipumua. Sisi udongo wetu ni mchanga kwa umri: ni majivu ya volkano ya Rungwe na Kyejo, yaliyobebwa na mito hadi tambarare. Hesabu ya Ghana haitusaidii, na ya Peru haituhusu. Lazima tupigiwe ya kwetu.

Risasi ina njia yake tofauti. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kokoa ya Nigeria. Ndani ya mbegu walikuta risasi kidogo sana, miongoni mwa viwango vya chini kabisa kwenye vyakula vya asili. Chokoleti iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa na risasi nyingi zaidi kwa mbali. Maana yake risasi ile haikutoka shambani. Iliingia njiani: vumbi, moshi, magari, mitambo. Kwa hiyo wewe unayeanika kokoa pembeni mwa barabara ya lami kwa sababu inakauka haraka, hilo neno linakuhusu. Anika kwenye kichanja.

Sasa tushuke mtoni, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Mto Kiwira unatoka milimani Rungwe, unapita Daraja la Mungu, unateremka karibu na migodi ya makaa ya mawe upande wa Ileje, kisha unatulia kwenye tambarare yetu na kuingia ziwani. Makaa ya mawe mara nyingi huwa na salfa iliyofungamana na chuma. Mwamba ukivunjwa, hewa na maji vikaugusa, salfa hiyo hugeuka asidi, na asidi ikipita kwenye mawe huyayusha chuma, manganizi, aluminiamu na vingine vilivyokuwa vimetulia. Ndiyo maana popote duniani penye mgodi wa makaa ya mawe watu huangalia mifereji yenye utando wa rangi ya machungwa. Tuseme basi kijiji kimeomba maji yapimwe, na mtaalamu amekuja na boksi lake la barafu. Mtazame kwa makini, kwa sababu jibu linaanza kuandikwa pale pale.

Mtaalamu anayejua kazi anavua pete na saa. Anavaa glavu zisizo na poda, kwa kuwa poda ya glavu nyingi ina zinki. Chupa yake ni ya plastiki ngumu, imelowekwa kwenye asidi ya nitriki maabarani, ikasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa, ikafungwa ndani ya mfuko. Hakopi ndoo ya bati kwa mama aliye jirani, kwa sababu bati lina zinki, na zinki ya ndoo itaandikwa kuwa zinki ya mto. Anaingia majini akiuelekea mkondo, uso ukitazama maji yanakotoka, ili tope linalotibuliwa na miguu yake lipite nyuma. Anazamisha chupa chini ya povu na majani yanayoelea. Kama anatumia boti ya injini, anachotea mbele, mbali na mafuta na moshi.

Halafu inakuja hatua ambayo ningependa kila mjumbe wa serikali ya kijiji aifahamu. Maji ya mto yamebeba vitu viwili: metali iliyoyeyuka kabisa, na metali iliyoshikamana na chembe za udongo. Ukitaka iliyoyeyuka, unayapitisha maji kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.45 pale pale ukingoni, ndipo unatia asidi ya nitriki kidogo, pH ishuke chini ya 2, metali isigande kwenye kuta za chupa. Ukitaka jumla, huchuji. Unatia asidi moja kwa moja, nayo itazing'oa metali kwenye chembe za tope.

Nisikilize vizuri hapa. Mwezi Aprili, Kiwira imefurika na maji ni ya kahawia kama yalivyo kila masika, watu wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, wakachota saa ile ile, mmoja akachuja na mwingine asichuje. Majibu yatakapotoka, wa kwanza atakuwa na chuma na aluminiamu kidogo, wa pili atakuwa nazo nyingi mno. Gazeti moja litaandika mto uko salama, lingine litaandika mto una sumu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali lake, na hakuna aliyemwambia msomaji swali lilikuwa lipi. Na yule ambaye hakuchuja wala hakutia asidi, akabeba maji yake kwenye chupa ya soda hadi Mbeya akayafikisha baada ya wiki mbili, huyo namba yake haimsaidii mtu yeyote, maana sehemu ya metali imebaki imenata kwenye chupa.

Ndiyo maana nasema namba huanzia mtoni. Mashine ya mamilioni haiwezi kurekebisha kilichoharibika ukingoni.

Kuna mtu mmoja aliyelifundisha hilo ulimwengu mzima, Mmarekani Clair Patterson. Alikuwa anatafuta umri wa dunia kwa kupima risasi kwenye mawe na vimondo, lakini kila alichopima kilikuwa na risasi kupita kiasi. Ilikuwa kwenye vumbi la chumba chake, kwenye vyombo, kwenye kemikali, kwenye nywele za watu walioingia. Akajenga chumba safi kuliko vyote vilivyokuwapo, na mwaka 1956 akachapisha umri wa dunia tunaoutumia mpaka leo, karibu miaka bilioni 4.55. Kisha akauliza risasi yote ile hewani inatoka wapi, akafika kwenye petroli. Alipigwa vita na wenye viwanda kwa miaka mingi. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi ifikapo Januari 2006, na tulianzia kwa mtu aliyegundua kwamba sampuli zake zimechafuka.

Kutoka kwake maabara zimejifunza kubeba chupa ya tatu, mbali na ile ya kuchujwa na ile isiyochujwa, ambayo wengi hawaielewi. Ndani yake mna maji safi tu. Inasafiri na nyingine, inafunguliwa ukingoni, inatiwa asidi ile ile, inarudi. Ikikutwa na risasi, basi risasi imetoka kwa mchotaji au kwenye asidi, na majibu yote ya siku hiyo yana doa. Mtaalamu asiye na chupa hiyo muulize kwa adabu: utajuaje kama uchafu si wako?

Maabarani sitakaa sana. Kuna mashine ya kunyonya mwanga, iliyotokana na kazi ya Alan Walsh wa Australia mwaka 1955: kila metali ina taa yake, unaichoma sampuli kwenye moto au kwenye tanuri dogo la grafaiti na kuona mwanga wa taa umepungua kwa kiasi gani. Kuna nyingine inayounguza sampuli kwenye gesi ya agoni kwa joto la maelfu ya nyuzi, ikapanga chembe kwa uzito wake, na kwa dakika chache inataja metali kadhaa kwa pamoja. Ni mashine nzuri sana, ila agoni ikiisha inakuwa fanicha. Tope, samaki na kokoa haziingizwi hivi hivi. Huyeyushwa kwanza kwa asidi kali na joto mpaka zibaki maji maangavu.

Ninachotaka ukijue ni udogo wa vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri aseniki kwenye maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 kwa lita, risasi vivyo hivyo 10, kadimiamu 3, urani 30. Maikrogramu 10 kwa lita ni sawa na kuchukua kijiko cha chai cha chumvi, gramu 5, ukakigawa kwenye maboza 50 ya maji yenye lita 10,000 kila moja. Sasa angalia cheti kinachosema aseniki "haikuonekana". Swali la kwanza ni moja: mashine inaanza kuona wapi? Kama inaanza kuona kwenye 50 na kikomo ni 10, cheti kile hakijasema kitu. Maji yanaweza kuwa na 40 na karatasi ikabaki nyeupe kwa furaha. Kikomo cha kuona lazima kiandikwe pembeni ya jibu, na cheti kisichokiandika kirudishwe.

Angalia pia ithibati. Maabara inaweza kuwa na cheti cha kimataifa cha ISO 17025, hapa kwetu mara nyingi kupitia SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC. Lakini ithibati hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja. Maabara inaweza kuwa imethibitishwa kupima pH na klorini, ikawa haijathibitishwa kupima kadimiamu. Nembo iliyoko juu ya karatasi haimalizi maneno.

Halafu kuna suala la muda. Maji unayochota leo saa nne asubuhi yanakuambia habari za saa nne asubuhi. Aliyemwaga uchafu usiku wa jana, wake umeshafika ziwani. Kama unataka historia, ukaulize tope. Metali nyingi hazipendi kubaki zimeelea. Hushikamana na chembe laini za udongo na kutua panapotulia maji, kwenye delta, kwenye kona za mto, kwenye vinamasi. Ziwa letu la Nyasa ni gumu zaidi kwa hilo. Lina kina cha mita zipatazo 700, na chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, wala maji ya chini hayachanganyiki vizuri na ya juu. Maji mengi yanayotoka humo huondoka kama mvuke, na Mto Shire kule kusini unabeba sehemu ndogo. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Mwaka 2005 wanasayansi walichoronga sakafu ya ziwa hili kwa mita 380 na kusoma hali ya hewa ya zaidi ya miaka milioni moja ndani ya tope. Kama tope linatunza habari za miaka milioni, miongo michache ya makaa ya mawe haitalishinda. Sentimita chache za juu kwenye mdomo wa Kiwira, na nyingine kwenye mdomo wa Mbaka au Lufilyo ambako hakuna makaa ya mawe, zikapimwa kwa pamoja na kulinganishwa, zina thamani kuliko chupa mia za maji zilizochotwa ovyo. Na lazima wapimie chembe laini. Ukipeleka mchanga utapata namba ndogo siku zote, kwa sababu mchanga haushiki metali.

Tuje kwenye samaki, na hapa nina ugomvi kidogo na wataalamu. Vitabu vingi vya maabara vinasema chukua mnofu. Sawa kwa mbasa, sawa kwa kambale mkubwa. Lakini usipa nani anautoa mnofu? Usipa tunakula mzima, na kichwa, na mifupa, na matumbo. Risasi hupenda mifupa, kadimiamu hupenda ini na figo. Maabara ikipima mnofu wa usipa, imepima chakula ambacho hakuna mtu Kyela anakila. Jambo la pili ni maji. Usipa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiukausha, kiasi kile kile cha metali kinabaki kwenye uzito mdogo, na namba inapanda karibu mara nne bila mtu kuongeza kitu. Kwa hiyo karatasi ikisema miligramu kadhaa kwa kilo, uliza: kilo ya mbichi au ya mkavu? Kikomo cha kisheria kwa kawaida kimeandikwa kwa samaki mbichi. Na ule unaoanikwa juu ya mchanga ufukweni unakuja na mchanga wake, wenye chuma na aluminiamu zake, unaingia kwenye asidi pamoja na samaki. Chanja za kuanikia, pamoja na usafi wake, zinasaidia hata hapa.

Zebaki ina tabia yake peke yake. Inapanda kadiri samaki anavyokula samaki wenzake na kadiri anavyozeeka, hivyo usipa anayeishi mwaka mmoja hivi ana kidogo, na samaki mkubwa mla wenzake ana zaidi. Dhahabu imechimbwa Chunya tangu miaka ya 1920, na wachimbaji wadogo bado wanatumia zebaki. Maji ya Chunya huenda Ziwa Rukwa, si kwetu, lakini zebaki inayochomwa hupanda hewani, na hewa haina bonde la mto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba umepewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani uligunduliwa mwaka 1956, kwa watu waliokuwa wanakula samaki wa ghuba yao kama sisi tunavyokula wa kwetu.

Japani hiyo hiyo ina somo la mpunga. Kwenye bonde la Mto Jinzu, kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka iliingia kwenye maji ya majaruba, ikapanda kwenye mchele, na wanawake wa makamo wakaanza kuvunjika mifupa kwa kukohoa tu. Serikali ilikubali rasmi chanzo chake mwaka 1968, miongo baada ya maumivu kuanza. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima kwa harufu yake, na nautaja hapa kwa sababu moja ya kitaalamu: jaruba lililofunikwa na maji muda wote hukosa oksijeni, aseniki iliyokuwa imeshikwa na chuma cha udongo inaachiwa, na mpunga unainywa. Ukilikausha jaruba, aseniki inapungua lakini kadimiamu inapata njia. Kwa hiyo kupima kimoja na kuacha kingine ni kuona nusu ya shamba. Viwango vya kimataifa vya Codex kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.2 kwa kilo kwa aseniki isiyo ya kikaboni na 0.4 kwa kadimiamu.

Kuhusu majirani. Ng'ambo ya Mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, kuna mgodi wa urani wa Kayelekera. Kampuni ya Paladin ya Australia ilianza uzalishaji mwaka 2009, ikasimamisha mwaka 2014 bei ya urani ilipoanguka baada ya ajali ya Fukushima, na mwaka 2025 mgodi ulianza tena chini ya kampuni nyingine ya Australia, Lotus. Maji ya eneo lile huingia Mto Sere, kisha Rukuru Kaskazini, kisha ziwani. Nchi mbili hizi hazijaafikiana mpaka uliotokana na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 uko wapi juu ya maji, na wanasheria waendelee. Samaki na mkondo hawajausoma mkataba ule. Kinachotakiwa ni maabara za pande mbili kupima sampuli ile ile iliyogawanywa chupa mbili, nusu Karonga, nusu Kyela, kwa njia moja, na kutoa namba siku moja. Kwa urani tuna Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania. Kwa kemikali nyingine tuna Mkemia Mkuu wa Serikali mwenye ofisi ya kanda Mbeya. Kwa mito tuna Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, makao yake Tukuyu, na kwa samaki kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, hapa hapa Kyela. Watu wapo.

Kinachokosekana ni imani, na imani nayo huanzia ukingoni. Mnakumbuka Machi 2022, samaki walipokufa Mto Mara na maji yakawa meusi. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilisema chanzo ni uozo wa magugu pamoja na kinyesi na mkojo wa ng'ombe, vilivyomaliza oksijeni. Nchi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu uozo kweli unamaliza oksijeni na samaki kweli wanakufa kwa hilo. Lakini niliwaelewa waliocheka. Watu wa maeneo yale walikuwa na malalamiko ya tangu mwaka 2009 kuhusu Mto Tigithe na mgodi wa North Mara, na mtu aliyelalamika miaka 13 haamini karatasi inayotoka mjini wakati yeye hakuona nani alichota, wapi, wala chupa ilifungwa vipi. Sayansi yaweza kuwa sahihi na bado ikashindwa kwa sababu ilichotwa bila mashahidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wataalamu ni hili: mkija kuchota Kiwira, Mbaka au Songwe, msije na kushuka kimya kimya na gari la serikali. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji, mtu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, mtu wa jumuiya ya watumia maji. Wasimame pale, waone chupa, wasaini fomu, na nakala ibaki kijijini. Gawanyeni sampuli, chupa moja ihifadhiwe. Maji yaliyotiwa asidi hukaa miezi 6 kwa metali nyingi, na kwa zebaki siku 28. Muda huo unatosha kurudia kipimo kama kuna mwenye shaka.

Na kwako wewe msikilizaji: mkutano wa kijiji ukifika kwenye mengineyo, simama uulize kama maji ya kisima chenu, tope la mto wenu au kokoa ya chama chenu vimewahi kupimwa metali nzito, na majibu yako wapi. Ukiambiwa yapo ofisini, andikeni barua kuyaomba, mtaje na mambo manne mnayotaka yaandikwe: mahali na tarehe, kama maji yalichujwa, kikomo cha kuona, na uzito ni wa mbichi au wa mkavu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kuwajibu.